Nyongeza ya Julai na binti aliyebaki jikoni

Ndugu viongozi wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, wanachama wenzangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Mei Mosi ya 2025 masikio yetu yote yalikuwa Singida. Rais Samia alipotamka kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, tulipiga vigelegele, na tulistahili kupiga. Asilimia 35.1 ni kitu cha kushika mkononi. Lakini siku ile kuna mfanyakazi mmoja hakuwa na sikukuu. Alikuwa kwetu, anatupikia.

Wengi wetu tunaamini dada wa kazi hana kima cha chini, kwamba ni mapatano tu. Si kweli. Amri ya Mshahara ya 2022, tangazo la serikali la viwango vya chini vya mishahara lililoanza kutumika Januari 2023, ilimtaja, na viwango vyake ndivyo vilivyotumika mwaka 2025. Asiyelala kwa mwajiri, katika nyumba za watu wa kawaida kama sisi, ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Anayelala hapo hapo, 60,000. Amri ya 2013 ilimpa huyu wa pili 40,000.

Sasa tupige hesabu. Nyongeza yetu ni 130,000. Nyongeza peke yake, si mshahara, ilizidi mara mbili ya alichopata kwa mwezi mzima binti anayelala kwetu. Na hiyo ni pale anapolipwa inavyotakiwa.

Sitaomba mikono ipande. Nitajisema mimi. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, amri ikitaka 40,000, nilimlipa binti 30,000, na nikajiambia namlea kama mwanangu. Mwanangu hakuwahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kuniwashia mkaa. Neno "kama mwanangu" lilinisaidia mimi, yeye lilimpunguzia 10,000 kila mwezi.

Na masaa je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Binti wa alfajiri ile anazima taa saa nne usiku. Ugawe 60,000 kwa siku 26 za kazi, unapata kama 2,308 kwa siku. Ndiyo malipo ya saa hizo zote.

Wazee mliopo mnakumbuka, au mlisimuliwa. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, liliundwa 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, na mwaka uliofuata watumishi wa majumbani na mahotelini Dar es Salaam waligoma kudai mishahara. Wapishi na maboi! Walikuwa mstari wa mbele wa harakati hizi tunazojivunia leo. Naumia nikiona waliorithi kazi yao ndio tumewaacha nyuma.

Kinachowaangusha si amri kukosekana. Afisa kazi huingia kiwandani, habishi hodi jikoni kwako. Mkataba wa maandishi hakuna, hivyo hata siku alizofanya kazi hazina ushahidi. Akifukuzwa, ana siku 30 kufikisha lalamiko la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo anazimalizia kijijini, maana usiku alioambiwa aondoke hakuwa na pa kulala mjini. Chama anacho, CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, kipo, ila nani atampa ruhusa ya kwenda mkutanoni Jumamosi? Ruhusa hiyo iko mikononi mwetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa tawi hili ni moja. Kabla ya mshahara wetu ujao kuingia, kila mmoja wetu awe ameketi na dada wa kazi wake na kuandika mkataba: mshahara usiopungua amri, saa za kulala, siku ya mapumziko. Nakala ziko pale mezani, ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu. Chukueni mbili mbili, moja yake, moja yako. Na kama hajui kusoma, msomeeni yote kabla hajaweka dole gumba.