Nyani, taipureta na jakpoti

Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Mwaka 1913 mwanahisabati Mfaransa, Émile Borel, aliwawazia nyani milioni moja wakibonyeza taipureta ovyo, kwa muda wa saa kumi kila siku. Alitaka mfano wa jambo ambalo halitarajiwi kutokea kamwe. Sisi tumeligeuza likawa faraja: eti ukingoja vya kutosha, lolote litatokea.

Tupige hesabu. Nyani mmoja, mashine ya herufi 26 tu, herufi moja kila sekunde, usiku na mchana. Neno "nyani" lina herufi tano, kwa hiyo uwezekano wa kulipata kwa mibonyezo mitano ni 1 kwa 11,881,376. Kwa wastani atalipata baada ya siku 137 na nusu. Mpe sasa "haraka haraka haina baraka", herufi 23 bila nafasi: wastani wake ni miaka ambayo idadi yake ina tarakimu 26. Ulimwengu mzima una umri wa miaka bilioni 13.8.

Muda usipokuwa na mwisho, ataiandika kwa hakika, tena mara zisizohesabika. Hilo ni kweli, na kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika hisabati. Lakini hakika hiyo ni ya muda usio na mwisho peke yake. Miaka trilioni haiukaribii muda huo kuliko dakika moja.

Nawaambia haya kwa sababu hapa Nairobi nasikia vijana, kwenye matatu na vibandani, wakisema: nikicheza sana, siku moja lazima. Jakpoti ya kubashiri mechi 17 za soka, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, ina mikeka (yaani tiketi za ubashiri) 129,140,163 tofauti. Ukibahatisha tu, nyani wetu ana nafasi karibu mara 11 ya yako kuandika jina lake kwa mibonyezo mitano. Mkeka mmoja kila wiki? Kwa wastani utangoja takriban miaka milioni mbili na nusu.

Hata ukicheza mara 129,140,163 kwa kubahatisha, bado kuna asilimia 37 hivi kwamba hujashinda hata mara moja. Na mkeka unaofuata hauna deni lako: ni 1 kwa 129,140,163, kama ule wa kwanza.