Nahodha, Mtafiti na Pomboo wa Kizimkazi

REHEMA: Karibu msikilizaji. Niko na kaka yangu Haji, na leo tunashuka Kizimkazi, kusini ya Unguja. Haji, huko ndiko kwenu.

HAJI: Kwetu kabisa. Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya watalii hadi leo. Na wageni wengi hawajui kwamba zamani pomboo wale walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utalii wa kuwatazama ulipoanza, ndipo watu wakaona pomboo aliye hai ana faida zaidi.

REHEMA: Kwa hiyo utalii uliwaokoa.

HAJI: Uliwaokoa kutoka kwenye chusa, ile mikuki ya wavuvi, ndiyo. Lakini ukawaletea boti. Asubuhi ya msimu utakuta boti zimelizunguka kundi moja, mashine zinanguruma, wageni wanarukia majini. Kundi likizama, zote zinakimbilia pale litakapoibuka.

REHEMA: Nimesoma utafiti wa Fredrik Christiansen na wenzake, uliochapishwa 2010, uliofanyika huko huko. Walilinganisha pomboo wanavyoshinda boti zikiwepo na zisipokuwepo. Boti zikija, muda wa kula, wa kupumzika na wa kuchangamana unapungua. Kinachoongezeka ni kusafiri tu. Hebu fikiria mama mwenye mtoto wa kunyonyesha, anashinda njiani!

HAJI: Nilimsimulia mjomba. Akaniambia, "Hilo nalijua miaka mingi. Wakishakereka wanashika safari tu, hawatulii." Nikanyamaza, maana alichosema ndicho wale walichokipima.

REHEMA: Sasa kama anajua, mbona anawafukuza?

HAJI: Dada Rehema, mgeni ameshaahidiwa na papasi, yule dalali wa watalii, kwamba ataogelea na pomboo. Mjomba akizima mashine asubiri mbali, boti ya jirani inampita. Mgeni wake ananuna, na bakhshishi hapati. Miongozo ipo: usiwakatie njia, punguza mwendo, msijazane, usimteremshe mgeni katikati ya kundi. Mafunzo nayo yalitolewa. Lakini anayeifuata peke yake, hasara ni yake peke yake.

REHEMA: Basi hapo mtafiti hajamaliza kazi. Ameshajua boti inamfanya nini pomboo, sasa aje kwenye mfuko wa nahodha. Je, mgeni akielezwa mapema, kabla hajapanda boti, ataridhika kutazama bila kuogelea? Manahodha wakiweka zamu na mapato wakagawana, nani atapata na nani atakosa? Hayo yanapimika. Na mimi nafundisha utalii chuoni, nakiri inaniuma: wanafunzi wangu wanaandika tasnifu nzuri, zinafungwa kabatini, tena kwa Kiingereza.

HAJI: Na wenye bahari hawazioni. Unajua watafiti wanavyowatambua pomboo mmoja mmoja?

REHEMA: Kwa pezi la mgongoni.

HAJI: Naam. Kila pezi lina mikato na makovu yake, wanalipiga picha, na pomboo anapewa namba yake. Kwa njia hiyo walikadiria kwamba pomboo wa aina ile ya pua ya chupa, pale kusini, hawafiki 200. Ni wachache mno, na bado wananaswa kwenye majarife, nyavu za wavuvi. Mjomba naye anawatambua baadhi, kwa mapezi hayo hayo. Yeye yuko baharini karibu kila siku, mtafiti anakuja kwa msimu. Picha zile zingebandikwa pale ufukweni, na daftari la Kiswahili, manahodha wangejaza wenyewe: leo nimemwona fulani, mahali fulani, ana mtoto.

REHEMA: Na daftari hilo lingerudi kwa watafiti.

HAJI: Mjomba ameshaanza kuuliza. Yupo mmoja ncha ya pezi imekatika, anamjua tangu mimi nasoma madrasa. Aliniuliza, "Huyu wamempa namba gani?"

REHEMA: Ukamjibu nini?

HAJI: Sikuwa na la kumjibu.

REHEMA: Basi tusiishie hapa. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko hapo hapo Unguja. Mwambie mjomba achague siku asiyokwenda baharini, twende naye.