Jifunze kunadi mnada ukiwa nyumbani kwako, hatua kwa hatua

Mbukwenyi wadau wangu, habari za saizi. Niko nyumbani Nkuhungu hapa Dodoma, upepo upo kwahiyo mkisikia vuu vuu kwenye sauti mnivumilie. Leo tunafanya kitu ambacho naulizwa karibu kila nikishuka kunadi, kaka hii kazi umesomea wapi. Nimeanzia hapahapa mnapoona, kwenye hii stuli, na simu na bakuli la maharage. Na wewe utaanzia kwako. Ada hamna, ila dakika 30 kila siku lazima uzitoe, usije ukafanya Jumatatu alafu ukapumzika mpaka mwezi ujao.

Kwanza tuwekane sawa. Kunadi ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake kuita kwa sauti, na dalali nalo limetoka hukohuko. Huku kwetu watu wanayachanganya. Ukienda Msalato Jumamosi, kule barabara ya Arusha, ng'ombe wengi wanauzwa kwa kupatana, mwenye mali na mnunuzi na dalali katikati, wananong'ona wanarudi wananong'ona tena, mahali panaitwa mnada lakini pale hajanadi mtu. Kunadi ni mali moja, watu wengi, bei inapanda hadharani na kila mtu anasikia. Utaikuta kwenye mali zinazouzwa kwa amri ya mahakama, magari chakavu ya taasisi, nyumba za mikopo iliyoshindikana, na kanisani siku ya mavuno. Alafu kuna wale jamaa wa vyombo na mashuka mnadani, wao bei haipandi, inayopanda ni mali: anapanga sahani sita, anaweka mabakuli, anaongeza hotpoti, anaongeza na kijiko cha kupakulia, "zote elfu kumi na tano!" mpaka mama mmoja anafungua pochi. Sio njia tunayojifunza leo ila nenda kawaangalie wanavyovuta pumzi, wale watu wanaongea kuanzia asubuhi mpaka jioni na sauti haikauki.

Haya hatua ya kwanza, namba. Usianze na mbwembwe, anza na namba. Chukua bakuli la maharage, kila punje ni elfu tano. Angalia mkono wangu: natoa punje moja nasema elfu tano, natoa nyingine elfu kumi, kumi na tano, ishirini, naenda mpaka laki, alafu nazirudisha kwenye bakuli moja moja huku nashuka kutoka laki mpaka elfu tano. Kurudi nyuma ndo kugumu na ndo kunakotengeneza kichwa, maana kwenye mnada kuna mtu utamwanzia juu hataki, inabidi ushuke haraka ukatafute pa kuanzia. Ukizoea hiyo nenda kwa elfu mbili na mia tano, alafu elfu ishirini ishirini kuanzia laki tano. Wiki mbili za mwanzo fanya hiyo tu, nakuomba, hata kama unaona ni ya watoto.

Na namba za Kiswahili ni ndefu. "Laki tatu na elfu themanini na tano" hizo ni silabi 14, ukisema hivyo kila mara watu watasinzia. Unakata, unabaki na "tatu themanini na tano". Lakini usikate mpaka umeitamka kamili angalau mara moja na watu wote wamesikia tuko kwenye laki, na kila bei ikivuka laki nyingine itamke kamili tena. Mtu anayetoa hela yake ana haki ya kujua anaongeza kutoka wapi kwenda wapi.

Hatua ya pili, ulimi. Hapa tunatumia vitanza ndimi, vile vya shuleni. "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata miti." Sema polepole mara tano, kila silabi isikike, alafu ongeza mwendo, ukikosea unarudi polepole. Kingine, "wale wana wa liwali wala wali wa liwali". Jirekodi kwa simu, sikiliza ukiwa umefumba macho. Kama wewe mwenyewe husikii namba yako, basi mzee wa kule nyuma haisikii kabisa.

Wamarekani hii kazi wana mpaka shule zake, na mashindano ya dunia ya wanadishaji wa mifugo wanafanya tangu 1963. Na wanadishaji wa kule wanaitwa kanali, inasemekana ni tangu vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865, makanali ndo walikuwa wananadi mali zilizotekwa. Ukiwasikiliza utadhani ni fujo, ila ukitulia unakuta kuna vitu vitatu tu: namba niliyonayo, namba ninayoitaka, na maneno ya kujazia katikati ili mdundo usikatike. Sasa nimeona vijana wanaiga ule mlio wa Kiingereza mzima mzima, sipendi, na haukai vizuri mdomoni. Kiswahili kina mdundo wake tayari, mkazo karibu kila neno unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ni kama ngoma inapigwa. Sikiliza:

"Themanini ninayo, tisini nani? Ninayo themanini, nani tisini? Tisini mzee wa kofia, tisini ninayo, laki nani? Laki moja nani? Laki moja mama?"

Umeona? Neno "nani" ndo kujazia kwangu, ni fupi na ni swali, linamvuta mtu ajibu. Wewe tafuta lako, ila lisiwe refu kuliko namba.

Hatua ya tatu, ijue mali kabla hujafungua mdomo. Hapa nitaenda haraka. Kama ni ng'ombe, jifunze kusoma meno. Ng'ombe mbele juu hana meno, yako chini tu, nane. Yale ya utotoni ni madogo, yakianza kung'oka yanaanza mawili ya katikati, hapo yuko karibu miaka miwili, alafu yanakuja mawili mawili pembeni, akitimiza nane makubwa amefika miaka minne kwenda mitano. Kwahiyo mtu akikuletea dume anakwambia lina miaka mitano na wewe unaona meno mawili tu makubwa, hutamki miaka mitano kwenye spika. Kila unachokisema pale mbele kimebeba jina lako. Kama ni gari, soma kadi na jaribu kuwasha, kama haliwaki sema haliwaki.

Hatua ya nne, sheria, na hapa nyamazisha simu zingine zote. Tuna Sheria ya Wanadishaji, Sura ya 227, ipo bure mtandaoni, ingia TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, uisome taratibu hata ukurasa mmoja kwa siku. Kujifunza nyumbani hakukupi leseni. Huwezi kuamka ukanadi mali za watu kama biashara bila leseni, na ukitaka kuwa dalali wa mahakama, yule anayeuza mali kwa amri ya mahakama, kuna kanuni zake za 2017, na mafunzo yake yanatolewa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Vitu vya kukariri kabisa: ardhi hainadiwi mpaka tangazo kwa umma limekaa siku zisizopungua 14. Nyumba au kiwanja kikiuzwa kwa kukazia hukumu ya mahakama, yaani kuitekeleza ili anayedai alipwe, mshindi wa mnada analipa asilimia 25 palepale na iliyobaki ndani ya siku 15. Na mwenye jukumu lolote kwenye mnada huo haruhusiwi kununua, awe amejificha nyuma ya shemeji au la. Nyumba ya mtu inaweza kuwa kila kitu alichonacho, ukiruka siku mbili za tangazo umemkosesha mnunuzi ambaye angefikisha bei nzuri, na deni linabaki shingoni kwake.

Hatua ya tano ndo nimeiweka mwisho kwasababu ndo kazi yenyewe. Macho, na kufunga.

Nimeanzia kunadi kanisani, siku ya mavuno, watu wameleta mahindi, mayai, maboga, kuku. Nilikuwa nimeshanoa ulimi miezi mitatu, naenda kama cherehani. Nikashika jogoo mmoja mwekundu, ikapanda ikafika elfu kumi na mbili, nikaita mara ya kwanza ya pili ya tatu kwa pumzi moja, imeenda, makofi. Watu wakitoka akaja bibi mmoja, kanga yake pembeni imefungwa fundo, anaifungua mbele yangu, noti ya elfu kumi na ya elfu tano zimekunjwa kunjwa zina jasho. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nilinyoosha mkono ukaniruka." Yule jogoo alikuwa ameshaondoka na bodaboda. Elfu tatu ya sadaka imepotea sawa, lakini yule bibi alikuwa amejipanga wiki nzima atoe, na mimi nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Kwahiyo zoezi lake ni hili. Weka ndugu zako watatu kwenye kona tatu za sebule, washa redio kwa sauti, uza kitu chochote, hata hii sufuria. Mmoja akubali kwa kutikisa kichwa tu, mwingine anyanyue kidole usawa wa goti, wa tatu ainue nyusi. Wanunuzi wakubwa hawapigi kelele, wengi hawataki jirani ajue ni wao. Ukikosa ishara moja, mnaanza upya. Ukiona, unaielekezea kiganja kilichofunguka, sio kidole, na unataja alama, "shati la bluu, laki na ishirini", ili wengine wajue bei iko kwa nani.

Na kufunga kunakuwa hivi, tazama nafanya. "Laki na ishirini, mara ya kwanza." Nyamaza, angalia kushoto mpaka mwisho. "Laki na ishirini, mara ya pili." Nyamaza, angalia nyuma kabisa, pale wanapokaa wazee na akina mama wenye watoto, hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo. Kimya hicho kitakutisha, utaona kama mnada umekufa, vumilia, mikono mingi inanyooka hapo. Alafu kulia. "Mara ya tatu." Mkono chini. Ukishagonga biashara imekamilika, hurudi nyuma, ila kabla hujagonga aliyetaja bei anaweza bado kujitoa, kwahiyo usimcheke mtu akighairi, rudi kwa aliyemtangulia.

Ukiweza hii na redio imewashwa, nenda kamuone mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kamati ya shule hapo mtaani kwako, muombe akuachie kitu kimoja tu siku ya mnada wao. Kuku mmoja anatosha. Nenda mapema, simama pale utakaposimama kunadi, alafu angalia kama unaweza kuona mkono wa mtu aliyekaa benchi la mwisho kabisa.