Muungano wa kiraia Uingereza: usikate tiketi kabla ya kusikia hii

Hamjambo huko nyumbani? Leo naongea na wewe ambaye mchumba wako yuko England au Wales, na mmekubaliana kufunga muungano wa kiraia (civil partnership), yaani uhusiano wa wawili unaosajiliwa kisheria, badala ya ndoa. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, sizigusi.

Sheria yenyewe ni ya 2004, na mwanzoni ilikuwa ya wapenzi wa jinsia moja tu. Tangu 31 Desemba 2019 mwanamume na mwanamke nao wanaruhusiwa. Umri ni miaka 18 kamili, hata mzazi akikubali mapema.

Sasa viza, maana hapo ndipo watu wanapokwama. Viza ya kawaida ya matembezi haimruhusu mtu kufunga muungano, wala hata kutoa notisi, yaani taarifa rasmi kwa msajili kwamba mnakusudia kufunga. Ukija kufunga na kurudi nyumbani, omba viza ya mgeni anayekuja kufunga ndoa. Ni ya miezi 6 na lazima uondoke. Ukitaka kubaki, unahitaji viza ya mchumba, na hiyo ina masharti mazito ya kipato.

Notisi mnaitoa wenyewe, ana kwa ana, kwenye ofisi ya usajili. Ndugu hawezi kukuwakilisha. Kabla yake kila mmoja awe ameishi England au Wales siku 7 mfululizo. Kama mmoja wenu si raia wa Uingereza wala Ireland, mnakwenda pamoja kwenye ofisi iliyoteuliwa kwa kazi hiyo. Si kila ofisi inapokea. Baada ya notisi mnasubiri siku 28, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikitaka kuwachunguza inaweza kuzifikisha 70. Piga hesabu: hata mambo yakienda vizuri, ni zaidi ya wiki 5 tangu utue. Ukumbi ulipiwe baada ya hapo, jamani, si kabla.

Tena, notisi inataja mahali pa sherehe. Mkibadilisha ukumbi, mnatoa notisi upya na kulipa upya. Tarehe mnaweza kuisogeza, ilimradi isipite miezi 12 tangu notisi.

Karatasi: pasipoti halisi, si kivuli, na uthibitisho wa anwani. Uliyewahi kuoa au kuolewa, beba hati ya mwisho ya talaka, au cheti cha kifo cha mwenzi wako. Kuachana mbele ya wazee hakukupi karatasi ya kumwonyesha msajili. Anza mahakamani huko huko nyumbani. Hati ya Kiswahili itafsiriwe na mtaalamu atakayethibitisha tafsiri yake.

Siku yenyewe ndiyo rahisi. Hakuna kiapo cha lazima: mkishatia saini mbele ya msajili na mashahidi 2, mmefungwa. Maneno matamu, muziki na pete ni hiari yenu.

Wakenya, subirini kidogo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Muungano wa kiraia haumo. Kama mtahitaji cheti cha muungano huo kwa urithi au shamba huko nyumbani, muoneni wakili kwanza, au fungeni ndoa ya kiserikali moja kwa moja, kwa sababu England na Wales haziwaruhusu mwanamume na mwanamke kuubadilisha muungano wao kuwa ndoa baadaye.