GR Yaris mpya: tuanze na kiti

NEEMA: Karibuni tena Usukani Mkononi. Mimi ni Neema, niko na kaka Sele, na leo hatuzunguki mbuyu: tunaongelea Toyota GR Yaris, ile iliyofanyiwa maboresho mwaka 2024. Kaka, umeendesha zote mbili, ya gia za mkono na ya otomatiki. Tuanzie wapi?

SELE: Tuanze na kiti, dada.

NEEMA: Kiti! Watu wanasubiri injini.

SELE: Injini itakuja. Ile ya kwanza ya 2020, hata waliokuwa wakiipenda kufa walikuwa na neno moja: unakaa juu mno. Na kioo cha kati cha kuangalia nyuma kinakuzibia palepale unapotaka kuichungulia kona. Kwenye hii mpya wameshusha kiti milimita 25, ukingo wa juu wa paneli ya kati umeshuka milimita 50, kioo kimehamishiwa juu kabisa, halafu paneli ya vitufe wameigeuza digrii 15 imtazame dereva. Ukisoma unaona mambo madogo. Mimi niliingia, nikafunga mkanda, na kabla sijawasha nikaanza kutabasamu. Nyonga ziko chini, usukani uko usawa wa kifua, mbele kweupe. Gari linakuambia mapema kwamba limejengwa kwa ajili ya mtu anayeendesha.

NEEMA: Mimi ile dashibodi naipenda, ingawa najua wapo wanaosema imekaa kama kasha la vifaa. Iko wima, imenyooka, vitufe vikubwa. Mtu aliyebanwa na mkanda wa mashindano anavifikia bila kujinyoosha. Huo ndio uzuri wenyewe.

SELE: Na kuna boliti. Shokapu za mbele zilikuwa zinashikwa kwenye bodi kwa boliti moja kila upande, sasa ni tatu. Ukikata kona kwa kasi, ile sehemu haichezi tena, kwa hiyo unachokifanya kwenye usukani ndicho tairi inachokifanya. Kwangu mimi boliti hizo zina thamani kuliko nguvu za farasi walizoongeza.

NEEMA: Haya, hizo farasi sasa. Ulaya imetoka 261 hadi 280, Japani inafika 304. Injini ni ileile, silinda tatu, lita 1.6, yenye tabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Lakini ilinganishe na wenzake: Volkswagen Golf R ina 333. Mercedes-AMG A45 S ina 421 kwa lita mbili tu! Mtu akisoma namba peke yake, hii Yaris anaiona mtoto.

SELE: Asome na uzito. Kilo 1,280, na inavuta magurudumu yote manne. Paa ni la nyuzi za kaboni, milango na boneti ni alumini, hata betri wameipeleka nyuma kwenye buti ili pua isiwe nzito. Gari jepesi hivi halihitaji farasi 400. Ukitoka kwenye kona ukakanyaga mafuta, hakuna kusubiri, limeshaondoka.

NEEMA: Ila mlio wa ndani sijauzoea. Spika zinaongezea sauti ya injini, na sikio langu linatambua. Silinda tatu zina mngurumo wao mzuri tu, mkavu, wa kukwaruza. Wangeuacha.

SELE: Hapo sikubishii.

NEEMA: Tuje kwenye ugomvi wetu basi. Otomatiki. Mimi nasema gari lililozaliwa kwa ajili ya rali, kulitoa klachi ni kulipunguzia utu.

SELE: Dada, ngoja kwanza. Gia hizi nane walizitesa kwenye mashindano kabla ya kuziuza. Na wamezifundisha kusoma mguu wa dereva. Kulikuwa na kona moja ya kulia, ndefu, inayobana mwishoni. Nilikanyaga breki kwa nguvu, sikugusa kitu kingine, na gari likapangua lenyewe kutoka ya tano hadi ya tatu wakati breki bado inauma. Nilipofika katikati ya kona, gia niliyoihitaji ilikuwa tayari. Mkono wangu usingewahi. Halafu mwenye goti bovu naye ni mpenzi wa magari. Kwa nini tumfungie mlango?

NEEMA: Hoja ya goti naikubali kwa moyo wote. Ya kasi siikubali. Kama kasi ndiyo kila kitu, Honda Civic Type R isingependwa hivi. Inavuta magurudumu ya mbele peke yake, gia za mkono pekee, na bado mwaka 2023 ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 44. Wanaoinunua wanataka kazi mikononi. Ukipangua gia vizuri mwenyewe, kisigino na kidole vya mguu mmoja vikagawana breki na mafuta, ile furaha hakuna kompyuta ya kukupa.

SELE: Kwani GR Yaris ya mkono imeondolewa? Ipo.

NEEMA: Ipo leo. Hofu yangu ni ya kesho. Hili gari lenyewe lilikuwa karibu lisiwe na kazi. Toyota walilitengeneza liwe msingi wa gari lao la rali la dunia, janga likaja, ule mradi ukafutwa, na mwaka 2022 sheria za Rally1, daraja la juu kabisa la rali ya dunia, zikaruhusu fremu ya mabomba badala ya bodi ya gari la mtaani, kwa hiyo haja ya gari la mtaani kama hili ikaisha. Wangeweza kuliacha life.

SELE: Hawakuliacha. Wakalipeleka kwenye Rally2, daraja linalofuata chini yake, likaingia mashindanoni mwaka 2024, na huko lazima uanze na gari halisi. Ndiyo maana linaendelea kuboreshwa.

NEEMA: Basi niambie ukweli. Ufunguo wa mkono uko hapa, wa otomatiki uko pale. Unachukua upi?

SELE: ...Wa mkono.

NEEMA: Baada ya kunihubiria yote hayo!

SELE: Otomatiki nimeitetea kwa sababu inastahili. Lakini kuna ile handibreki. Ukiivuta, gari linaachia mvuto wa magurudumu ya nyuma, mkia unazunguka, unaweka gia ya pili kwa mkono wako, unakanyaga, na pua inatoka pale ulipokuwa unapatazama. Nilifanya hivyo kwenye uwanja wa changarawe mara kumi na kitu. Mara ya mwisho nilifanya kwa sababu tu sikutaka kushuka.