Shiti Inayokufa Ukigonga Enter

Ndugu wahasibu na watunza hazina, habari za mchana. Najua nimepangwa baada ya pilau, kwa hiyo naanza na kinachouma.

Nani hapa amewahi kuandika alama ya sawasawa, akafungua mabano, na kabla hajayafunga, Excel, programu yetu ya shiti za hesabu, ikapotea mbele ya macho yake? Haya, shusheni mikono, nimeona.

Kwanza tutenganishe maradhi mawili. Kuna kuganda na kuna kujifunga. Ikiganda, dirisha linafifia, kiduara kinazunguka, Windows inakuuliza usubiri au ufunge. Wengi tunabonyeza kufunga, halafu tunamwambia fundi "imejifunga yenyewe." Haikujifunga. Tumeiua ikiwa katikati ya hesabu.

Niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, wanachama 1,200. Mhasibu alikuwa ameshaongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, na mashine ikaendelea kustaki. Nikaomba nione fomula. Mbele ya kila mwanachama palikuwa na hii, ya kujumlisha michango yake:

=SUMPRODUCT((A:A=E2)*1,C:C)

Itazameni hiyo A:A. Maana yake ni safu nzima, kuanzia juu hadi mstari wa 1,048,576, ambao ndio mwisho wa shiti. Michango yenyewe ilikuwa imeishia mstari wa elfu tisa na kitu. Zidisha na wanachama 1,200: ni ulinganisho zaidi ya bilioni 1.2, na unarudiwa upya kila anapoingiza mchango mmoja wa shilingi elfu kumi! Mashine ilikuwa inafanya kazi aliyoiagiza mwenyewe.

Tukaweka =SUMIF(A:A,E2,C:C). SUMIF ina akili ya kuishia pale shiti inapoishia kutumika. Ila hakikisha shiti haijadanganywa: bonyeza Ctrl na End. Ukitupwa mbali kabisa chini ya data yako, kuna mtu aliburuta fomula au rangi hadi huko. Futa mistari hiyo yote, si yaliyomo tu, kisha hifadhi.

Wengine wa kuwaangalia ni fomula za OFFSET, INDIRECT, NOW na TODAY. Hizi hukokotolewa upya kila unapobadilisha seli yoyote, hata isiyowahusu. Moja mbili si neno. Elfu tano ni msiba.

Sasa kujifunga kwa kweli, dirisha linapotea bila kuuliza. Hapo fungua faili jipya tupu, andika =1+1. Ikikubali, mgonjwa ni faili lako. Hamishia data kwenye faili jipya, ukibandika thamani peke yake, na fomula uziandike upya. Ikijifunga hata kwa =1+1, mgonjwa ni programu. Shikilia Ctrl huku ukiifungua Excel, itakuuliza kama unataka hali salama (Safe Mode), kubali. Ikitulia humo, shuku kimojawapo cha viongezi (add-ins) vilivyopachikwa, mara nyingi vya programu nyingine ya uhasibu. Vizime vyote, uwashe kimoja kimoja. Mnaotumia LibreOffice, programu nyingine ya shiti, hali salama mtaipata kwenye menyu ya msaada, na huko mara nyingi kinachoharibika ni wasifu wa mtumiaji, yaani mipangilio yako ya programu. Kuurudisha upya hakugusi mafaili yenu.

Dada wa pale mbele ananiuliza: je, nikizima ukokotoaji wa moja kwa moja, si nitapumua?

Utapumua, dada yangu. Unaingiza michango yote kwa utulivu, halafu unabonyeza kitufe cha F9 mara moja, ikokotoe yote. Mimi mwenyewe nafanya hivyo mwisho wa mwezi. Lakini mpangilio huo hushika mafaili yote uliyofungua wakati huo, siyo hilo moja. Ukisahau F9, jumla zinaweza kubaki za jana, hakuna alama nyekundu, hakuna mlio, na taarifa inakwenda kwa mwenyekiti ikiwa imepigwa chapa na sahihi yako ipo chini.