Mtoto wa Uyole anataka kusoma zoolojia, baba amekataa

Mambo vipi wanangu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, na wazee mnaoangalia kwa simu za watoto shikamooni. Leo sizunguki, naenda moja kwa moja kwenye meseji ya mama mmoja wa Uyole aliyenifuata inboksi, binti yake yuko kidato cha sita anachukua CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), anataka akimaliza aombe zoolojia, na baba mtu amegoma kabisa, anasema sisomeshi mtoto aje achunge nyani. Sasa mama anauliza, wewe si unasoma hiyo hiyo huko Glasgow, hivi ni kitu gani hasa, na je tumtafutie njia aje huko?

Mama shikamoo. Naanza na hilo la mwisho maana ndo lenye hela: digrii ya kwanza asome nyumbani. Najua mtasema huyu naye ameshafika ndo anafunga mlango, hapana, mi nilikuja kwa mgongo wa familia, mama yangu mkubwa alikuwa anaishi huku tayari, hiyo siyo njia ninayoweza kumfundisha mtu kwenye video. Mskoti wa hapa digrii ya kwanza serikali yake inamlipia ada, wewe wa kutoka nje unalipa ada yote tena ile kubwa, na digrii ya Scotland ni miaka 4, na skolashipu mnazozisikia sana kama Chevening ni za masta, siyo za mtoto aliyemaliza form six. Kwahiyo mtu asikufanye uuze shamba. Kuna UDSM, chuo kikuu cha Dar es Salaam, wana idara nzima ya zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, kuna Mweka, chuo cha wanyamapori kule Kilimanjaro ambacho kipo tangu 1963. Asome hapo, apate matokeo mazuri, alafu masta ndo aanze kuangalia ndege.

Haya, zoolojia yenyewe, yaani sayansi ya wanyama. Watu wakisikia wanyama akilini anakuja simba, tembo, twiga, Ruaha, gari la wazi na kofia. Sikia, mamalia wote duniani, kuanzia popo mpaka nyangumi, ni kama spishi 6,500 hivi, wadudu waliokwisha kupewa majina tu ni zaidi ya milioni 1. Wanyama wenye uti wa mgongo wote ukiwaweka pamoja hawafiki hata asilimia 5 ya spishi za wanyama. Kwahiyo mwanafunzi wa zoolojia muda mwingi yuko na minyoo, konokono, buibui, mbu, vitu ambavyo nyumbani mama angesema toa hicho kitu ndani. Kama binti anataka picha na simba wa kuposti, mwambieni akasome mambo ya utalii, na wala siyo dharau, ni kazi nzuri, ila ni kazi nyingine.

Ngoja niwape mfano wa darasani. Tunapelekwa mtoni na viatu vya mpira mpaka magotini, unasimama kwenye maji ya baridi unashika wavu, unavuruga mawe kwa mguu ili kilichojificha chini ya mawe kiingie wavuni, alafu unamwaga kwenye trei nyeupe. Mwanzoni unaona matope tu. Subiri kidogo, matope yanaanza kutembea. Kuna kidudu kidogo kinatoka na mikia 3 nyuma, na ubavuni ana matamvua madogo kama majani yanatikisika, ndo anavuta hewa hapo. Mwenzake ana mikia 2, huyo ndugu wa mbali. Unamweka chini ya maikroskopu, unashika kitabu cha kumtambua, kinakuuliza swali moja moja, mikia mingapi, matamvua yako wapi, kucha moja au mbili mguuni, ukijibu vizuri mpaka mwisho unapata familia yake. Na hapo ndo pananinogea mimi, maana hao wa mikia wengi wao hawavumilii maji machafu. Wakiwepo wa aina nyingi mto unapumua, wakipotea wote ukabaki na minyoo myekundu na wale funza wa kwenye matope, mto una shida hata kama kwa macho unang'aa. Na msidhani hii ni ya wazungu tu, Tanzania tuna mfumo wetu wa kupima mito kwa wadudu, unaitwa TARISS, umetengenezwa kwa mito ya kwetu. Kiwira, Lufilyo, Mbaka, yote hiyo unaweza ukaisoma kwa wavu na trei, mtu wa Tukuyu huna haja ya kupanda ndege.

Alafu takwimu. Hapa naomba binti mwenyewe asogee karibu na simu. Zoolojia ya siku hizi nusu yake ni kompyuta, kuna programu inaitwa R, ya bure kabisa, unaandika amri inakuchorea grafu na kukwambia kama ulichokiona ni kweli au ni bahati tu. Darasani kwetu wanaolia hawalii kwa sababu ya kupasua panya, wanalia kwa takwimu. Kama hesabu alizitupa form four na hataki kuziona tena, aanze kupatana nazo leo.

Sasa nakuja kwa baba. Mzee, shikamoo tena. Umesema nyani, sawa, tuongee nyani. Mwaka 2003 kuna watafiti walikuwa wanazunguka vijiji vya mlima Rungwe wakaanza kusikia kwa wawindaji habari za mnyama anaitwa kipunji. Wanyakyusa wanamjua, wengine wakadhani ni hadithi. Mwisho wakamwona, ana nywele zimesimama kichwani na sauti ya kubweka ambayo haifanani na ya kima mwingine, na karibu wakati huo huo timu nyingine ikamkuta milima ya Udzungwa upande wa Kilolo. Wakamtangaza 2005. Alafu mmoja mdogo akafa kwenye mtego wa mkulima, wakapima vinasaba vyake, wakakuta yuko karibu zaidi na nyani kuliko kundi walilokuwa wamemweka mwanzo, ikabidi 2006 apewe jenasi yake mpya, yaani ukoo wake mwenyewe kwenye majina ya kisayansi, Rungwecebus, yaani jina la Rungwe liko kwenye vitabu vya sayansi dunia nzima. Jenasi mpya ya kima Afrika ilikuwa haijapatikana kwa miaka 83! Na duniani yuko sehemu hizo tu, Rungwe na Livingstone mpaka Kitulo, na huko Udzungwa. Mi nimekaa hapa kwenye ukumbi na Waskoti wanaandika notisi kuhusu msitu ambao bibi yangu alikuwa anautaja kama pa kuokota kuni, we acha tu.

Na watu wa Iringa msinune, nanyi mna chura wa Kihansi, yule mdogo wa njano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, alikuwa anaishi kwenye mvuke wa maporomoko tu. Maji yakachepushwa kwenda kwenye umeme, mvuke ukaisha, ugonjwa wa fangasi nao ukaingia, mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Aliyemwokoa ni mtu wa zoolojia, maana kabla ya hapo vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Wapo waliocheka kwamba eti nchi inahangaika na chura, mi nawaelewa, umeme tunautaka wote, ila nasema hata huo mvutano unahitaji mtu anayejua chura anahitaji maji kiasi gani.

Kazi sasa, maana baba hajasahau. TANAPA wa hifadhi za taifa na TAWA wa mapori ya akiba wanajulikana. TAWIRI wako kwenye utafiti wa wanyamapori, TAFIRI wako kwenye samaki na wana kituo Kyela hapo hapo. Mbu je? Kuna mbu wawili wa malaria wanaofanana kiasi kwamba macho hayatoshi mpaka upime vinasaba, mmoja anapenda watu, mwingine ng'ombe nao anawauma, na huyo akiuma nje dawa ya ukutani haimpati sawasawa. Hiyo ni zoolojia, na Glasgow hapa wanashirikiana miaka mingi na taasisi ya afya ya Ifakara kwa mambo hayo hayo. Na baba kama unalima mahindi unakumbuka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia, wale wenye alama kama Y iliyopinduliwa usoni na madoa 4 yamekaa kimraba karibu na mkia, wametokea bara la Amerika. Aliyekaa akawatambua kwamba siyo wale viwavi tuliowazoea, akasema wanataga wapi na wapigwe dawa wakiwa wadogo kabla hawajajichimbia ndani ya mhindi, huyo mtu alisomea wadudu. Siwadanganyi kwamba ajira zimejaa, hazijajaa, wengine wanakaa mtaani kama fani nyingine zote, ndo maana nasisitiza R, anayejua kuchakata data anaitwa hata kwenye miradi isiyo na mnyama ndani.

Mama, mwambie binti Biolojia na Kemia asizichezee, na likizo hii ashuke Matema aangalie samaki wa Ziwa Nyasa wanavyotofautiana jiwe kwa jiwe, ziwa hilo lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani na wengi hawapo popote pengine. Aandike kwenye daftari, apige na picha.

Video ijayo nawaonyesha R kwa simu ya kawaida, andaeni bando. Na aliyeko Kyela anidondoshee komenti, usipa kisado saivi bei gani, maana hapa dukani nimeona dagaa wa mahali pengine wanauzwa bei ambayo sitaitaja mbele ya wazazi.